Kibandiko Nyuma ya Sikio

Mlango wa ukumbi wa Makorora ulimkataa Bi Mize mchana kweupe, watu wakiona. Aliuwekea mkono, bangili ikalia mlio wake wa kifaranga, na sauti tamu ikamwambia, "Karibu, Bi Mize Abdurabi. Tafadhali msubiri mwandani wako." Mwandani hakuwepo. Bi Mize alijua hakuwepo, na mlango nao ulijua. Lakini alikuwa ametoka Ngamiani kwa miguu, kajitia udi, kapachika kikuba cha maua kifuani, akitumaini kwamba labda leo mtambo umelala. Mtambo haulali. Akausukuma mlango kwa bega. Akausukuma tena kwa kiuno, kiuno kilichosifiwa sana zamani zake, nao ukakaa vilevile.

Ndani walikuwa wanafanya mazoezi. Alisikia fidla zikitafutana sauti, na dumbaki likigongwa kidogo kidogo na mtu asiye na haraka. Kikundi cha Marashi ndicho pekee kilichobaki Tanga kupiga taarabu kwa mikono ya watu, na Jumamosi inayofuata kilikuwa kinapiga kwa mara ya mwisho. Mwimbaji wao, Bi Sauda, koo lilikuwa limechoka na alikuwa amesema basi. Bi Mize alimjua Bi Sauda tangu meno yake yote yapo. Aliapa pale pale mlangoni, kwa sauti, kwamba Jumamosi ataingia humo hata kama itabidi apite dirishani na miaka yake sabini na mitatu.

"Madirisha nayo yanasoma bangili, bibi," sauti ikasema nyuma yake. "Shikamoo."

"Marahaba." Bi Mize hakugeuka. Alimjua kwa viatu vyake vinavyolia. Alikuwa Leokadia Shekalaghe, afisa wa Mwandani mtaani kwao, msichana wa watu, mpole kiasi cha kuudhi.

"Njoo ofisini. Nimekupatia wa tatu."

* * *

Sheria ya Kutoka ilianza kwa nia njema, na hilo ndilo linaloudhi. Mzee mmoja alikwenda kutazama mchezo wa kuigiza peke yake, akafia kitini katikati ya kichekesho. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakaenda makwao, na waliomwona ni wafagiaji kesho yake. Mji ukaona haya. Ikaamuliwa kwamba aliyepita miaka sabini hataingia ukumbini, wala makumbusho, wala kwenye ngoma, bila mtu wa kukaa naye ubavuni. Lakini huyo mtu atoke wapi? Umri ule wenzako wamekufa, au wamehamia kwa watoto wao Dodoma, au miguu imegoma.

Hapo ndipo ilipotengenezwa bangili. Inasikiliza damu na pumzi. Mwimbaji akifika pale panapogusa, pumzi ya mtu hukatika, moyo ukaruka, ngozi ikasisimka, na kila mtu ana pahali pake pa kuguswa. Bangili hukusanya yote hayo, kisha mtambo ukatafuta mji mzima nani anaguswa palepale unapoguswa wewe. Huyo ndiye mwandani wako. Tusiudhulumu mtambo: uliwafaa wengi. Wazee waliokuwa wakizungumza na majiko yao walianza kuonekana makumbusho ya Amboni wakibishana kwa furaha juu ya jiwe.

Bi Mize hakuwa na bahati hiyo. Wa kwanza aliyepewa alikuwa mwalimu mstaafu aliyelala kuanzia wimbo wa pili, tena kwa kupiga mluzi. Wa pili alikuwa Bi Semeni, mwanamke mwenye moyo mzuri ambaye alimfasiria kila ubeti wakati ubeti wenyewe ukiimbwa. Akawakataa wote wawili. Anayekataa mara tatu bangili yake huzuiwa milangoni kote, anawekewa ukuta wa picha sebuleni, na ukumbi unamjia nyumbani mpaka kufa kwake. Bi Mize aliwahi kumwona jirani yake akiupigia ukuta makofi. Alitoka mle ndani akalia.

"Anaitwa nani?" aliuliza, sasa amekaa ofisini, mkoba magotini.

Leokadia alipepesa macho. "Tanga nzima, bibi, ni huyu peke yake. Nyimbo zilezile, ubeti uleule, pumzi inakatika palepale. Sijawahi kuona wawili wanaofanana hivi."

"Nimekuuliza jina."

"Bi Warda Msellem."

Bangili ya Bi Mize ikawaka nyekundu.

Warda alikuwa mke mwenzake. Kwa miaka kumi na minane walikuwa wake wa bwana mmoja, Hemedi, fundi wa reli, kila mtu na nyumba yake na zamu yake. Uke wenza wenyewe Bi Mize aliuzoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Ambacho hakukizoea ni mazishi. Hemedi alizidiwa akiwa nyumbani kwa Warda, wakati Bi Mize yuko Lushoto, binti yake kajifungua. Watu walipouliza, Warda aliwajibu, "Mize ameshaarifiwa." Hakuarifiwa. Alifika Tanga kaburi limeshamwagiwa maji. Uso wa mumewe hakuuona, na tangu siku hiyo, miaka kumi na miwili, hajamsalimia Warda hata kwenye misiba.

"Mtambo wenu umelewa," alisema mwishowe.

"Haunywi, bibi." Leokadia alisogeza kiti. "Nisikilize. Mlango hauangalii kama mmekasirika ama mmefurahi. Unaangalia kama mnakwenda sambamba. Mmoja akiwa juu na mwenzake akiwa chini, hapo ndipo mmoja huanguka na mwingine asiwe na habari. Sasa Bi Warda ametulia kabisa. Wewe nikitaja jina lake tu, tazama." Alionyesha bangili. "Mkienda hivi, mlango hautafunguka."

"Ametulia? Warda?"

"Amekubali kibandiko."

Akatoa kimoja kwenye mtoto wa meza, chembamba, rangi ya ngozi, hakizidi ukucha. Kinabandikwa nyuma ya sikio. Hakifuti kumbukumbu, alieleza. Mtu anakumbuka kila kitu kilichomtokea, ila ule mwiba hauchomi. Ukikibandua, mwiba unarudi.

"Bibi yangu mzaa mama aliishi na ukuta wa picha," Leokadia aliongeza, na safari hii hakuongea kama afisa. "Nilikuwa nikienda namkuta kamimina chai vikombe viwili. Sitaki wewe ufike huko. Jaribu. Wimbo mmoja tu."

Bi Mize alimwonea huruma, na pia alitaka Jumamosi yake. Akainamisha kichwa, akabandikwa.

Kwanza alihisi baridi kidogo. Kisha mabega yakashuka, na akagundua kwamba alikuwa ameyainua kwa miaka mingi. Raha ilikuwa raha kweli, asiseme uongo. Leokadia akamuuliza wimbo gani, akataja ule wake, ule ambao hajawahi kuusikia akabaki amekaa, ambao ukifika ubeti wa tatu huinuka kwenda kumtunza mwimbaji:

Ulonikata si wembe,
ni neno ulolificha,
njoo leo tuliimbe
hadi kutakapokucha.

Sauti ya Bi Sauda ikajaa chumbani. Bi Mize alisikiliza. Fidla ziko sawa, maneno yako sawa. Alijikuta anatazama pazia, akiwaza kwamba linahitaji kufuliwa. Wimbo ukaisha.

"Unajisikiaje, bibi?"

"Vizuri."

"Na yale ya mazishi ya mzee?"

"Aa, si kitu," alisema Bi Mize, akitabasamu. "Yameshapita."

Leokadia akakibandua, na Bi Mize akasikia kinywa chake mwenyewe kilivyosema. Si kitu. Hemedi kafukiwa yeye hayupo, na ametamka kwamba si kitu, kwa tabasamu, kama aliyekanyagwa mguu kwenye foleni. Hakuna tusi alilowahi kutukanwa na Warda lililomfikia kwa uchungu kama maneno yale mawili aliyojitamkia mwenyewe.

"Sikivai," alisema, akasimama. "Na Jumamosi nakwenda. Na huyo Warda simkatai, usije ukaandika nimemkataa."

"Sasa mtaingiaje, bibi?"

"Hilo niachie."

* * *

Kusema "niachie" kulikuwa rahisi. Alipofika Chumbageni kwa Warda, alisimama kwenye baraza akijitafutia sababu ya kurudi, asiione. Akapiga hodi kwa sauti ya kutaka shari.

"Karibu, karibu mwenzangu!" Warda akafungua. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe tupu, lakini uso wake ulikuwa laini kama wa mtu aliyetoka kulala vizuri. "Leokadia kaniambia. Nimefurahi! Ingia, nimetia tangawizi kwenye chai."

Bi Mize alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kukaribishwa. Njia nzima alikuwa akichonga maneno, na sasa hana pa kuyapeleka. Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti, akapewa kikombe. Nyuma ya sikio la Warda, pale ushungi ulipoteleza, kibandiko kilionekana.

"Warda," alisema, "kwa nini hukuniarifu?"

"Nilitaka siku moja awe wangu peke yangu." Warda alijibu bila kusita, akikoroga sukari. "Ijumaa zote alikuja kukuchukua wewe kwenda taarabu. Hata Ijumaa za zamu yangu. Mimi nikabaki na redio na mchele wa kuchambua. Zile nyimbo zote nimezijua kwa redio, Mize. Ukumbini sijaingia hata mara moja. Basi alipougua kwangu, nikasema, hii nayo ni yangu."

Bi Mize alilijua la Ijumaa. Wakati ule alilijua vizuri, na alilipenda, na alikuwa akipita na Hemedi chini ya dirisha la Warda makusudi ili marashi yake yafike. Uso ukampata moto.

"Alisema nini?" aliuliza, polepole. "Mwisho."

"Alikuulizia. Akasema, 'Mize keshafika?' Nikamwambia yuko njiani." Warda akaonja chai. "Akangoja. Kila mlango ukilia anageuza shingo. Ongeza maziwa?"

Kikombe kilimponyoka Bi Mize kikamwagika juu ya mkeka. Warda akachukua kitambaa akaanza kupangusa, taratibu, hana wasiwasi, kama aliyesimulia habari za mvua. Bi Mize alimtazama yule mwanamke aliyepiga magoti miguuni kwake, na hamu ikamshika ya kunyoosha vidole viwili akakinyofoa kile kibandiko. Kilikuwa karibu. Ingetosha kujifanya anamrekebisha ushungi. Mwiba ungemrudia Warda papo hapo, wote, na Bi Mize angekuwepo kuutazama.

"Unalala?" alimuuliza badala yake.

Warda aliinua uso. "Ndiyo. Tangu nibandikwe nalala. Miaka kumi na miwili, Mize, nilikuwa nikifumba macho namwona anageuza shingo. Sasa namwona vilevile, ila nalala."

Bi Mize akaiweka mikono magotini. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa nzima, haikupungua hata kijiko. Lakini kumwibia mtu usingizi wake kwa hila hakuweza. Na kukubali kukaa ubavuni mwa mtu aliyemfanyia vile, ambaye hasikii kitu, hakuweza pia.

"Nisikilize, mke mwenzangu," alisema, akisimama. "Mimi kibandiko sivai. Nimekijaribu, kikanifanya nimseme Hemedi kama mpita njia. Jumamosi nitakuwepo mlangoni baada ya sala ya alasiri, na haya yangu yote moyoni. Ukija na hicho sikioni, mlango utatukataa, na ndio basi, wa nne hayupo, nitafungiwa ndani na ukuta. Sikuombi ukitoe. Chako, na usingizi ni wako. Nakuambia tu mimi nitakavyokuja."

"Nikikitoa utanisamehe?"

"Hapana."

Warda alitafakari jibu hilo kwa uso wake uleule laini. "Haya," alisema. "Umalizie basi chai."

Bi Mize hakuimalizia.

* * *

Jumamosi alitengeneza kikuba kwa mkono wake: asumini, mrihani, ua la mkadi katikati. Siku hizi watu humtunza mwimbaji kwa kugusanisha bangili, mlio unatoka, yamekwisha. Bi Mize aliona ni sawa na kuitunza kaunta ya duka. Hemedi alikuwa akimletea kikuba kila Ijumaa, naye Mize anakipeleka jukwaani na kumpachika mwimbaji kifuani, na ukumbi wote unajua ubeti ule umemwendea nani.

Alisimama mlangoni. Watu wawili wawili walipita, wanashikana mikono, wanacheka. Leokadia alikuwa pale na kibandiko cha akiba kwenye kiganja, hajakificha wala hajakitoa.

"Bado kuna nafasi, bibi."

"Nafasi ya nini, mwanangu? Ya kukaa humo ndani nikaangalia pazia?"

Ndani fidla zilianza. Bi Mize akageukia barabara. Ndipo alipomwona Warda anakuja, anatembea kwa kushikilia ukuta. Macho yalikuwa yamevimba. Ule ulaini wote ulikuwa umekwisha usoni. Hapa palikuwa na kikongwe ambaye hajalala siku kadhaa.

"Umekitoa," alisema Bi Mize.

"Tangu ulipotoka." Sauti ya Warda ilikwaruza. "Na nakuchukia, ujue. Nilikuwa nimepumzika."

"Sikukuambia ukitoe."

"Ungeniambia, nisingekitoa!"

Waliweka mikono mlangoni, mmoja huku, mmoja huku. Taa ikawa nyekundu. Wakangoja. Ikabaki nyekundu. Bi Mize alikuwa anatokota, na Warda mapigo yake yalikuwa chini, yamelala kama ya mtu aliyekwisha kujihukumu. Leokadia akafungua kinywa.

"Aligeuza shingo mpaka adhuhuri," Warda alisema ghafla. Hakumtazama mtu. "Na simu ilikuwa mfukoni mwangu, Mize. Hapa. Ningeweza kukupigia akakusikia sauti. Nilikuwa nimeishika. Nikamtazama anangoja, nikaiacha mfukoni." Sauti ikampanda. "Na wewe ulinipitishia marashi yako dirishani kila Ijumaa! Kila Ijumaa!"

"Nilipitisha!" Bi Mize alipiga kelele. "Nilipitisha makusudi! Na ndiyo ukaninyima uso wake?"

"Ndiyo!"

"Mungu akuone, Warda!"

"Ananiona! Ndiyo maana silali!"

Walikuwa wanalia wote wawili kwa sauti, vidole vyao bado vimebana mlangoni, na foleni nyuma yao imesogea kuwatazama. Leokadia alitazama bangili ya huyu, akatazama ya yule. Zote mbili zilikuwa zinawaka nyekundu, zinazima, zinawaka, kwa pamoja, bila kupishana hata kidogo.

Mlango ukafunguka.

"Karibuni, Bi Mize na Bi Warda," ilisema ile sauti tamu. "Tunawatakia burudani njema."

Leokadia akakitia kibandiko mfukoni. Bi Mize alijifuta kamasi kwa ncha ya ushungi, akaingia, na Warda akaingia nyuma yake.

* * *

Walikaa viti vya mbele. Warda aliukodolea macho ukumbi, taa, nyuzi za ganuni, mikono ya wapigaji. Midomo yake ilikuwa ikifuata kila neno, na mara mbili alimtangulia mwimbaji. Bi Mize alimtazama kwa pembe ya jicho. Warda alivyokuwa anashusha pumzi, ndivyo yeye alivyokuwa anashusha. Aliudhika, kisha akaacha kuudhika, kwa sababu Bi Sauda alikuwa ameuanza ule wimbo.

Koo lilikuwa limechoka kweli. Pale pa juu hakupafikia, akapazunguka, na kule kuzunguka kukawa kutamu zaidi. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Ulonikata si wembe. Bi Mize akasimama.

Na Warda akasimama.

Ukumbi mzima ukageuka. Wanawake wa Tanga hawahitaji kuelezwa. Kila aliyekuwa mle aliyajua ya mazishi, na kila mmoja alijua wake wenza wakiinukia ubeti mmoja kinachofuata ni kuvutana ushungi. Mtu mmoja alivuta kiti chake nyuma kupisha. Wapiga fidla, wazee wazoefu, wakaurudia ubeti ili pasiharibike kitu.

Lakini Warda hakusogea. Alikuwa amesimama na mikono mitupu, anaitazama, anaufungua mkoba wake na kuufunga. Hakuwa ameleta kitu. Hakujua kama mtu huja na kitu. Redioni hayo hayasikiki: redioni mwimbaji huimba, watu hupiga vigelegele, na aliye nyumbani hajui wanashangilia nini. Aibu ikampanda usoni, akataka kukaa.

Bi Mize alimshika kiwiko kabla hajakaa. Alimshika kwa nguvu, pengine kupita kiasi. Akakichomoa kikuba kifuani pake, akamtilia kiganjani, akavifumba vidole vyake juu yake.

"Nenda," alisema. "Leo zamu yako."

Warda alimtazama. "Hujanisamehe."

"Sijakusamehe. Nenda, wimbo utaisha."

Warda akaenda, taratibu, mkono mmoja ukishikilia migongo ya viti, na ukumbi ukaanza kupiga vigelegele. Bi Mize alibaki amesimama pale pale, analia waziwazi mbele ya Tanga nzima, anauimba ule ubeti kwa sauti yake mbaya, na bangili ikawaka mkononi mwake asiiangalie.